Kadi ya mzee si yako, wala si ya kaka yako

Dada wa Nyamwaga,

Unasema baba yako, aliyevuka miaka 80, siku hizi anakuita kwa jina la shangazi yako. Tangu daktari aseme ni dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, kadi yake ya mpiga kura umeifungia sandukuni. Kaka yako anaidai: eti atampigia yeye, kwa kuwa anajua mzee alikuwa anapenda upande gani. Unauliza nani kati yenu yuko sahihi. Hakuna.

La kaka ni jepesi. Hakuna anayeruhusiwa kumpigia mwenzake kura, hata awe baba mzazi. Ni kosa la jinai.

La kwako ndilo gumu. Unadhani neno la daktari limemfuta mzee daftarini. Halijamfuta. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ni kweli ibara hiyohiyo inaruhusu Bunge kuwawekea mipaka wenye ugonjwa wa akili, lakini sheria ya uchaguzi inataka mtu awe amethibitishwa hivyo kisheria. Hukumu ya binti mwenye ufunguo wa sanduku haimo.

Unaogopa atachagua ovyo. Haya, niambie: hapo kijijini kwenu ni wangapi wenye akili zao timamu wanaochagua ukoo, au fulana na kofia? Mbona hao hujawafichia kadi?

Nahisi kinachokuuma zaidi ni aibu, asije akapotea kwenye foleni au akamfokea msimamizi, watu wakasema mzee kaharibika. Nakuelewa. Ila mwenyewe umeandika kwamba bado anasimulia uchaguzi mdogo wa Tarime wa 2008, mbunge Chacha Wangwe alipofariki, kama jambo la jana. Hayo mambo bado yanamgusa.

Basi muulize. Muulize asubuhi akiwa ametulia, na siku nyingine umuulize tena. Akitaka kwenda, wahini mapema. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, na wazee hupewa nafasi ya mbele. Karatasi ya kura ina picha za wagombea, na sura yaweza kubaki kichwani pale jina lilipotoka. Asiyeweza kuweka alama mwenyewe, kwa ulemavu au kutojua kusoma, huruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Akikutaka wewe, weka alama anapoonyesha yeye, hata kama ni chama usichokipenda. Akinyamaza, usimjazie.

Akisema hataki, mwache na uji wake. Kutopiga nako ni uamuzi wake.

Sanduku lifungue leo, umrudishie kadi mkononi. Kaka mpe kazi ya kutafuta bajaji ya kwenda na kurudi, kisha akapige kura yake moja.