DARASA LA IJUMAA: FEDHA NDANI YA SHABA

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Mtume (s.a.w.) alitukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sasa, mafundi wa Kiislamu wa zamani waliotia fedha katika ndoo, mabirika na masinia ya shaba, je, walivunja katazo hili?

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Fundi alichimba kijifereji katika shaba kwa patasi ndogo, akalaza humo uzi au kipande chembamba cha fedha, kisha akagonga kingo mpaka zikakibana. Ndoo moja ya namna hiyo ilitengenezwa Herat (leo ni Afghanistan) katika Muharram ya mwaka 559 Hijria, yaani Desemba 1163. Majina ya mafundi wawili yameandikwa juu yake: Muhammad ibn Abd al-Wahid aliyeisubu, na Masud ibn Ahmad aliyeitia nakshi. Aliyetengenezewa hakuwa sultani, bali mfanyabiashara wa ukoo wa Zanjan. (Sisi wa nchi ya shaba tungefurahi kuona jina la fundi wetu likiandikwa hivyo!) Leo ndoo hiyo iko Urusi, katika makumbusho ya Hermitage.

Mji wa Mosul, huko Iraki, ulisifika zaidi. Hapo Shuja ibn Mana alitia nakshi birika lake mwaka 1232. Wengine waliojiita al-Mawsili, watu wa Mosul, walifanya kazi Sham na Misri.

Turudi kwenye hukumu. Kikombe cha Mtume (s.a.w.) kilipopasuka, ufa wake uliungwa kwa fedha, Anas (r.a.) ndiye aliyetupokelea. Kwa hiyo wanazuoni walitofautisha chombo cha fedha na chombo chenye fedha. Katika madhehebu ya Shafii, fedha kidogo kwa haja inajuzu. Kidogo kwa pambo tu ni makuruhu. Nyingi kwa pambo ni haramu. Kwa kipimo hiki, masinia mengi ya Mosul yangekuwa na matatizo. Abu Hanifa alikuwa mpole zaidi: aliruhusu kunywa katika chombo chenye nakshi ya fedha, maadamu mdomo haugusi pale penye fedha.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.