Hewa ndani ya motokari

Ndugu wafanyakazi, kazini mnavaa maske kwa sababu ya vumbi, halafu jioni mnarudi nyumbani mkivuta vumbi ile ile ndani ya motokari. Tuangalie namna ya kuizuia.

Katika Lubumbashi, toka mwezi wa tano mpaka wa kenda, mvua ni shida kuiona. Kamyo ikipita mbele yenu kwenye njia ya udongo, vumbi inajaa pote. Vumbi ya mawe mara nyingi ina silisi, nayo inaharibu mapafu polepole. Fungeni vioo, kisha finyeni kifungo chenye picha ya motokari na mshale unaopinda ndani yake. Hapo klimatizeri inazungusha hewa ya ndani tu.

Lakini msiiache hivyo mpaka Likasi! Ni kilometa 120 hivi. Watu watano wakipumua hewa moja, inakuwa nzito na shofere anaanza kusinzia. Vumbi ikiisha, rudisheni hewa ya inje.

Wakati wa mvua, pumzi na nguo zenye kulowa zinatia ukungu kwenye vioo. Kufuta kwa mkono ni kazi bure. Elekezeni hewa ya inje, yenye moto kidogo, kwenye kioo cha mbele, na klimatizeri iwake: ndiyo inayokausha hewa.

Motokari ikikaa juani, fungueni kwanza milango yote dakika moja au mbili. Mtoto asibakie ndani yake, hata kama mama anaingia dukani mara moja tu.

Hewa ikitoka kwa udhaifu, mwambieni fundi aangalie filtre.