Kiti Kilichopotea kwa Kodi ya Pango

Tarehe 5 Aprili 2017, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ya juu kabisa, iliamua kwamba Bob Day hakuwa na sifa ya kuchaguliwa seneta wa Australia Kusini. Kesi hiyo haikuwa ya rushwa. Ilihusu pango la ofisi yake.

Ni mkataba gani unaomnyima mtu kiti?

Ibara ya 44 ya Katiba ya Australia inamzuia mwenye maslahi ya fedha, ya wazi au ya kupitia mlango wa nyuma, katika makubaliano na utumishi wa umma wa nchi hiyo. Anayesalimika ni mwanahisa wa kawaida katika kampuni yenye wanachama zaidi ya 25. Kwa hiyo mwenye hisa chache katika benki kubwa alale usingizi. Mwenye kampuni ya familia ajichunguze.

Day aliteleza wapi?

Seneta hupewa ofisi, na serikali ndiyo hulipa pango. Ofisi ya Day iliwekwa kwenye jengo lililopo Kent Town, Adelaide, ambalo awali lilikuwa mali ya kampuni ya familia yake, kisha likahamishiwa kampuni nyingine. Kwenye makaratasi, mwenye nyumba hakuwa yeye. Serikali ikasaini mkataba Desemba 2015. Februari 26, 2016, kampuni hiyo ikaelekeza kodi iingizwe kwenye akaunti ya benki ya Day mwenyewe. Hapo ndipo majaji walipoona maslahi yake, na uchaguzi wa Julai mwaka huo ulimkuta tayari amefungwa na ibara ya 44.

Ukali wote huo wa nini, ikiwa hakuna aliyeiba?

Kinga hii ni ya zamani. Mwaka 1782 Bunge la Uingereza liliwafungia mlango wakandarasi wa serikali, kwa kuwa watawala walikuwa wakiwapata wabunge kwa kuwagawia zabuni. Mwaka 1975, katika shauri la Seneta James Webster, ambaye kampuni ya familia yake iliuzia serikali mbao, Jaji Mkuu Barwick alishikilia lengo hilo tu: kumkinga mbunge asishikwe na serikali. Webster akabaki na kiti. Mwaka 2017 mahakama iliukataa mtazamo huo mwembamba na kusema ibara inamzuia pia mbunge asitumie nafasi yake kujinufaisha. Naona walikuwa sahihi kabisa. Atahojije matumizi ya wizara anayeidai?

Nani alirithi kiti?

Kura zilihesabiwa upya, akapatikana Lucy Gichuhi, wakili mzaliwa wa Kenya. Naye aliwekewa pingamizi, la uraia wa nchi mbili, lakini lilitupwa.

Tanzania je?

Ibara ya 67 ya Katiba yetu inataja maslahi katika mkataba wa Serikali, ila ule tu uliowekewa miiko maalumu na sheria ya Bunge, na mhusika awe amekiuka miiko hiyo. Australia, Katiba yenyewe inakata. Kwetu kisu kinategemea sheria ambayo wabunge wenyewe wanaitunga. Huo ni udhaifu.

Mwenye biashara afanye nini?

Ajitoe kwenye mikataba kabla ya kurudisha fomu ya ugombea, na asijifiche nyuma ya jina la ndugu. Nawe mpiga kura, akija kukuomba kura, muulize kampuni zake zinalipwa na nani.