Keki ya mise na njugu mawe: somo kwa wanaopika na kwa wanaokula



Kila mwisho wa trimestri darasa letu la mwisho linapika keki za siku ya wazazi. Pesa zinazopatikana zinaingia katika sanduku la wagonjwa wa enterna. Mwaka huu unga wa ngano umepanda bei, na majarini vilevile. Wengine kati yetu walisema: "Tuache tu, tuuze bisikiti." Wengine wakajibu: "Hapana, tuangalie kwanza kile kilichoko kwetu." Tukaangalia, tukajaribu, na leo tunawaletea somo lenyewe. Tutasema juu ya mbegu ngumu zinazoweza kuingia katika keki, namna ya kuzipika, na hatari moja ambayo moto hauwezi kuiondoa. Tafadhali msiruke sehemu ya tatu kwa haraka ya kufika kwenye sukari.

I. ZIPI NI ZA KWETU?

Wengi wanafikiri karanga ni za Afrika tangu mwanzo. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno walizileta Afrika kwa meli katika karne ya 16. Korosho nazo zilitoka Brazili. Makadamia, ambayo siku hizi inalimwa sana Kenya, asili yake ni Australia. Si vibaya kuzila. Hata muhogo na mahindi vilitoka Amerika, na leo nani atasema ugali si wa kwetu? Lakini ziko mbili ambazo ni za Afrika kweli, nazo zinapatikana hapa karibu na ziwa.

Ya kwanza ni mise. Mwajua kwamba ngazi ina nyama ya nje inayotoa mawese mekundu. Chini ya nyama ile kuna ganda gumu kama jiwe, na ndani ya ganda kuna kokwa nyeupe yenye ngozi nyeusi. Hiyo ndiyo mise. Baada ya kukamua mawese, watu wengi wanatupa magudulia nyuma ya nyumba, na watoto wanayapasua kwa jiwe wakitoka shuleni. Basi tulipotaja keki ya mise, mwenzetu mmoja alicheka akasema: "Aah, ile ni chakula ya batoto ya ku njia!"

Lakini mise ile ya njiani ina historia kubwa. Mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever ilipata mapatano na serikali ya Ubelgiji, ikaanza kazi ya michikichi katika Kongo. Kituo chake kimoja kikubwa kiliitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Mawese na mise vilipelekwa Ulaya, vikafanywa sabuni na majarini. Hata leo mafuta ya mise yanaingia katika majarini, sabuni na bisikiti za viwanda vingi vya dunia. Kwa hiyo anayecheka mise ya njiani, labda amekwisha kuila mara nyingi bila kujua, lakini imefungwa katika karatasi nzuri.

Ya pili ni njugu mawe, zile za mviringo, ngumu, zinazokomaa ndani ya udongo kama karanga. Asili yake ni Afrika ya Magharibi. Zinavumilia jua na udongo mbaya kuliko karanga, na mara nyingi ni mama zetu wanaozilima, kipande kidogo pembeni ya shamba.

II. NDANI YA MBEGU KUNA NINI?

Mpishi asiyejua kilicho ndani ya mbegu atapika kwa bahati tu. Tuangalie gramu 100 za kila moja, kwa hesabu ya karibu:

Mise: mafuta gramu 45 mpaka 50, protini 8 hivi.
Karanga: mafuta gramu 48 hivi, protini 25 hivi.
Njugu mawe: mafuta gramu 6 au 7 tu, protini 19 hivi, na wanga zaidi ya gramu 50.

Mnaona tofauti. Mise na karanga ni mafuta kwanza. Ukizitia katika keki, punguza majarini, sivyo keki italala na kutoa mafuta chini. Njugu mawe ziko karibu na maharagwe: ni wanga na protini. Hizo hazitoi mafuta, tena zinakunywa maji mengi. Ukipunguza majarini hapo, keki itakuwa kavu kama tofali.

Jambo lingine ni gluteni. Unga wa ngano ukilowa na kukandwa, protini zake zinashikana na kufanya kitu kama kamba laini inayovutika. Kamba hiyo inashika hewa ya levire, na keki inapanda. Mise haina gluteni, karanga haina, njugu mawe hazina. Kwa hiyo huwezi kuondoa unga wote wa ngano ukangoja muujiza. Sisi tunashika kipimo hiki: kwa mise, robo moja ya unga, kwa njugu mawe, theluthi moja, si zaidi. Mayai yanasaidia, sababu yai likipata moto linaganda na kushika keki isivunjike.

III. KUCHAGUA: KAZI ILIYO KUBWA KULIKO KUPIKA

Sasa tunafika mahali pa hatari.

Mwaka 1960, katika Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi. Wataalamu walitafuta ugonjwa gani, wasiuone. Mwishowe walikuta kwamba ndege wale walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na karanga zile zilikuwa na ukungu. Ukungu huo unaitwa Aspergillus flavus, na sumu yake ikapewa jina la aflatoksini. Leo inajulikana wazi kwamba sumu hii inaharibu ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaweza kumletea kansa ya ini. Akiila nyingi kwa mara moja, inaweza kumuua upesi. Mwaka 2004, katika Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Ukungu huu unapenda joto na unyevu, yaani unapenda hali ya hewa yetu. Unaingia katika karanga zaidi, lakini mahindi, mise na mbegu nyingine pia haziko salama zikihifadhiwa vibaya. Unaingia zinapoanikwa juu ya udongo mtupu, zinapofungwa katika gunia kabla ya kukauka, au watu wanapolowanisha maganda ili yapasuke rahisi.

Je, moto hauui sumu? Unaua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutoka inabaki. Aflatoksini haivunjiki vizuri mpaka joto lipite sana digrii 200. Na katikati ya keki, kwa sababu kuna maji, joto halipiti digrii 100 hivi. Keki inaweza kupanda vizuri, ikanukia vizuri, ikawa na sumu yote iliyoingia nayo.

Jambo hili halikukaa katika kitabu tu. Mwezi uliopita tulinunua kilo 5 za karanga sokoni kwa pesa za sanduku. Juu ya gunia zilikuwa nzuri. Tulipozimwaga juu ya lungo tukaona nyingine zimekunjamana, nyingine zina madoa ya kijani na nyeusi, nyingine zinanuka udongo uliooza. Hapo mabishano yakaanza. Wenzetu wengine walisema: "Pesa ni za wagonjwa, tusizitupe. Tukaange sana, tutie sukari, nani atasikia?" Wengine walisema tuwape kuku wa shule. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa amesimama mlangoni, akauliza neno moja tu: "Mdogo wako akija siku ya wazazi, utampa kipande kipi?" Hakuna aliyejibu. Tukakaa chini watu sita, tukachagua moja moja mpaka jioni. Tuliondoa karibu gramu 800, tukazitupa ndani ya shimo la choo, si kwa kuku. Batamzinga wa 1960 wametosha kutufundisha. Tulipata keki chache kuliko tulivyopanga, na sanduku lilipata pesa pungufu. Tunaandika hili wazi ili anayesoma hesabu za sanduku aelewe.

Jambo la kutia moyo ni hili: mara nyingi sumu nyingi inakaa katika mbegu chache. Mkono unaochagua vizuri unaondoa sehemu kubwa ya hatari, ingawa hauwezi kuondoa yote. Basi ondoeni zote zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kuingiliwa na wadudu, na zilizo chungu mdomoni; ya uchungu iteme, usiimeze. Na msinunue karanga zilizokwisha kusagwa kama hamjui nani alizichagua. Katika unga, jicho halioni kitu.

Tena, kabla ya kugawa keki, ulizeni kama kuna mtu ambaye mwili wake unakataa karanga. Wako watu wanaovimba mdomo na kukosa pumzi kwa kipande kidogo.

IV. JIKONI

Oveni hatuna, na hatuihitaji. Chukueni sufuria kubwa, tieni mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, wekeni juu ya mbabula ipate moto robo saa. Sufuria ndogo yenye keki inaingia ndani, juu ya mawe madogo matatu. Funikeni kwa bati, na juu ya bati pangeni makala yenye moto. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, sivyo keki itaungua tako huku uso wake ungali maji.

Keki ya mise. Pasueni magudulia, ondoeni vipande vyote vya ganda, sababu kipande kimoja kinaweza kuvunja jino. Osheni mise, kausheni, kaangeni kidogo, twangeni katika kinu, kisha chekecheni. Msitwange sana kwa mara moja, maana mafuta yatatoka na mtapata uji mzito badala ya unga. Twangeni kidogo, chekecheni, rudisheni mabaki katika kinu.

Unga wa ngano vikombe 3, unga wa mise kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 4, majarini vijiko vikubwa 4, maziwa kikombe 1, levire ya keki vijiko vidogo 3, chumvi kidogo. Pigeni majarini na sukari mpaka ziwe nyeupe, tieni yai moja moja, kisha unga zote zilizochanganywa na levire, pamoja na maziwa kidogo kidogo. Ladha yake inakaribia ile ya nazi.

Keki ya njugu mawe. Kaangeni njugu mpaka zitoe harufu nzuri na ngozi ianze kupasuka. Sugueni ngozi itoke, pelekeni kwa mashini ya kusaga, chekecheni.

Unga wa ngano vikombe 2, unga wa njugu kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 3, majarini vijiko vikubwa 6, ndizi mbivu 2 zilizopondwa, maziwa kikombe 1 na kidogo zaidi, levire ya keki vijiko vidogo 3. Acheni mchanganyiko upumzike dakika kumi kabla ya kutia levire, ili unga wa njugu ukunywe maji yake. Ndizi inazuia keki isikauke.

Zote mbili zinahitaji dakika 40 mpaka 50. Chomeni katikati kwa kijiti safi: kikitoka kikavu, keki imeiva. Msifunue kila mara ili kuchungulia. Hewa baridi ikiingia mapema, keki inashuka na haipandi tena.

V. KUHIFADHI

Anayetaka keki nzuri mwaka ujao aanze leo. Anikeni mbegu juu ya mkeka au hema, si juu ya udongo. Zikauke mpaka ukizitikisa zinalia ndani ya ganda. Wekeni katika gunia linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Karanga zikae katika maganda yake mpaka siku ya kazi.

VI. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kati ya karanga, mise, korosho na njugu mawe, zipi asili yake ni Afrika?
2. Kwa nini tunapunguza majarini katika keki ya mise, lakini si katika keki ya njugu mawe?
3. Mwenzako anasema: "Tukaange sana, ukungu utakufa." Mjibu kwa sababu mbili.
4. Kwa nini mbegu mbaya hazitupwi kwa kuku?

Wa kwanza watatu watakaoleta majibu mazuri kwa kapita kabla ya Ijumaa watapata kila mmoja kipande cha keki ya mise. Na wale wanaotaka kusaidia siku ya wazazi, kazi ya kupiga mayai imekwisha kupata watu. Tunatafuta watu wa lungo, wenye macho na uvumilivu. Waje Jumatano baada ya masomo, mikono imeoshwa.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la darasa la mwisho