SOMO LA USHIRIKA: MSAFIRI ANATAKA NINI KATIKA KAMBI YA MBALI?



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husikika sana katika mikutano ya vyama vinavyotaka kutenga sehemu ya ardhi yao iwe kambi ya wasafiri. Lakini mara nyingi mjadala hushika upande mmoja tu, yaani jinsi mwenyeji atakavyopona. Mgeni mwenyewe husahauliwa. Hapo ndipo fedha za wanachama hupotea. Katika somo hili tutaanzia upande wa pili: msafiri aliyetoka mbali anataka nini, na chama kifanye nini ili akipate.

TUMTAZAME MGENI KWA MFANO

Tuchukue mfano wa Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, mkoani Arusha. Ziwa hilo limo ndani ya Bonde la Ufa, katika mwinuko wa mita zipatazo 600 tu, na joto la mchana ni kali. Maji yake ni ya magadi; hayanyweki. Msafiri hufika huko kwa njia ya vumbi na mawe kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kuwaona heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, kwa kuwa ziwa hilo ndilo mahali pao pakuu pa kuzaliana katika Afrika Mashariki. Ya pili ni kupanda Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, volkano hai iliyolipuka kwa nguvu katika miaka ya 2007 na 2008.

Sasa zitazameni saa za mpandaji mlima. Kwa kuwa jua ni kali na mteremko hauna kivuli, huondoka kambini karibu na saa sita za usiku ili afike kileleni alfajiri. Hurudi jua likiwa juu, magoti yakimtetemeka, mwili mzima umejaa vumbi na majivu. Basi mtu huyu anataka nini? Jioni anataka kimya, apate kulala mapema. Usiku wa manane anataka chai ya moto, na njia ya kwendea chooni asiyojikwaa. Mchana anataka maji ya kuoga na kivuli cha kujinyoosha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai jumba la vigae. Chama kilichomjengea baa yenye redio ipigwayo hadi usiku kimetumia mtaji wa wanachama kumfukuza mgeni wao.

MAMBO YASIYOKOSEKANA

(a) Maji. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiwango cha chini kwa watu walio kambini. Msafiri mwenye vumbi hatatumia pungufu. Wageni 12 wakikaa siku 2, hesabu ni 12 × 15 × 2, yaani lita 360, ambazo ni madebe 18 ya lita 20. Kabla ya kupokea kundi, katibu ajiulize: madebe hayo yatatoka wapi, nani atayachukua, na je, yatapunguza maji ya mifugo na ya kina mama kijijini? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, kundi lipunguzwe. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, kisha yawekwe katika chombo chenye mfuniko.

(b) Choo. Shimo liwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani au mtoni, tena upande wa chini wa mteremko. Pawe na mlango unaofungika kwa ndani, kifuniko cha tundu, maji na sabuni ya kunawia mikono. Mgeni husamehe mboga isiyokolea chumvi. Choo kichafu hasamehi, naye huenda akawasimulia wenzake.

(c) Uwanja wa mahema. Mahali pawe tambarare, penye kivuli cha migunga na kinga ya upepo. Korongo kavu lenye mchanga laini huvutia macho, lakini mvua ikinyesha milimani maji hushuka bila kubisha hodi. Asiruhusiwe mtu kupiga hema humo.

(d) Amani. Mlinzi awe mtu ajulikanaye kwa jina, mwenye tochi inayowaka. Wauza shanga wapewe mahali pao na saa zao. Hao ni wanachama wenzetu, na biashara yao ni halali. Lakini mgeni anayezungukwa kabla hajashuka garini hununua kwa kukereka, au hanunui kabisa. Aliyekwisha kunywa chai huja mwenyewe, akauliza na bei.

(e) Habari za kweli. Je, barabara inapitika baada ya mvua? Mlima ukoje wiki hii? Msafiri aambiwe kweli, hata kama kweli hiyo itamfanya aondoke mapema. Mahali ambapo simu haishiki, mtunza kambi ndiye gazeti na redio yake.

BEI MOJA NA STAKABADHI

Jambo hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililo karibu na kazi yangu ya ukaguzi. Chama nitakachokisimulia si cha upande wa Natron, nami sitakitaja jina. Kambi yake ilipokea kwa pamoja ada ya kambi na ada ya kijiji. Nilipokagua vitabu, kitabu cha wageni kilikuwa na majina 31 ya mwezi ule. Kitabu cha stakabadhi kilionyesha malipo ya watu 19. Wajumbe wa Bodi walikwisha kumhukumu mtunza kambi, mzee wa makamo, wakataka afukuzwe siku ile ile.

Mzee hakujibu neno. Aliingia chumbani kwake akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake zilikuwamo fedha za watu 12, hazikupungua hata shilingi moja. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kimekwisha. Alikuwa amemtumia katibu salamu mara mbili aletewe kingine, na katibu hakuleta. Nilifurahi kwa ajili ya mzee, nikasikitika kwa ajili ya chama. Jina lake liliokolewa na kitambaa. Kama fundo lile lingeibwa, mtu mwema angeondoka akiitwa mwizi, na pasingekuwa na karatasi ya kumtetea.

Na mgeni je? Mmoja wa wale 12 alipopita tena kambini wakati wa kurudi, aliandika katika kitabu cha wageni kwamba kwenye kizuizi cha mbele alidaiwa tena ada ya kijiji, maana hakuwa na stakabadhi ya kuonyesha. Alilipa mara mbili. Mahali alipasifu, akamalizia kwamba hatarudi.

Ndugu wanachama, waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844, walikuwa na bidhaa chache mno: unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache. Lakini mnunuzi alijua kwamba unga wao haukuchanganywa na mizani yao haikupunja. Kambi yetu nayo ina bidhaa chache. Stakabadhi ndiyo mizani yetu. Humlinda mgeni, humlinda mtumishi, na humlinda mwanachama.

UTARATIBU WA KUFUATWA

1. Bei zote ziandikwe ubaoni langoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, zisomwe kabla mizigo haijashushwa.
2. Stakabadhi itolewe papo hapo na nakala ibaki. Aliyelipa kwa simu naye apewe, na namba ya muamala iandikwe.
3. Kitabu kimoja cha stakabadhi cha akiba kikae kambini siku zote, na katibu atie saini alipokikabidhi.
4. Kila wiki majina ya wageni yalinganishwe na stakabadhi, mtunza kambi mwenyewe akiwapo.
5. Fedha zipelekwe kwa mweka hazina siku iliyopangwa. Pasifanyike matumizi kutoka katika makusanyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Ikiwa chama chetu kina fedha za kutosha jambo moja tu, choo au ukumbi, tutachagua lipi, na kwa nini?
2. Katika kisa cha mzee, nani alistahili kuulizwa kwanza?
3. Tupige hesabu: kisima chetu kinaweza kuhudumia wageni wangapi wakati wa kiangazi bila kumnyima maji mwenyeji?

Chama kitakachoyajibu haya kwa ukweli kitajua kama kiko tayari kusema karibu.