Mji wa Ninawi

Ng'ambo ya mashariki ya mto Tigris, ambao Maandiko huuita Hidekeli, kuelekeana na mji wa Mosul katika nchi ya Iraq, yako magofu ya Ninawi. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Waashuri tangu zamani za Mfalme Senakeribu, aliyeuzungushia ukuta wa maili saba na nusu hivi.

Sifa yake kubwa yatokana na habari za Nabii Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus. Yeye alitumwa kuwaonya watu wa Ninawi. Nao wakatubu, wakasamehewa, ingawa walikuwa adui wa taifa lake. Hata leo makanisa ya kale ya Mashariki, yakiwamo yale ya Misri na Uhabeshi, hufunga siku tatu kila mwaka kwa kuikumbuka toba hiyo.

Lakini ukatili wa Waashuri juu ya mataifa mengine haukukoma. Mwaka 612 kabla ya Kristo, Wababeli na Wamedi waliuteka mji wakauteketeza. Ajabu ni kwamba moto huo ulivichoma vibao vya udongo vya maktaba ya Mfalme Ashurbanipal, vikawa vigumu kama vyungu, visiharibike. Maelfu yake vilifukuliwa katika karne ya 19, navyo vimehifadhiwa London.

Mwaka 2014 watu wenye silaha waliubomoa msikiti wa Nabii Yunus uliojengwa juu ya magofu hayo. Hata hivyo fundisho la Ninawi lingali linasomwa na Wakristo na Waislamu: kwamba mwenye nguvu naye huonywa, na rehema haina mipaka ya kabila.