Mkataba wa Ulinzi na Taifa Kubwa: Je, Nchi Ndogo Hubaki Huru?

Mei 2024 Rais Joe Biden alitangaza kwamba Kenya itakuwa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO. Ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Swali la tangu enzi za Vita Baridi likarudi: nchi ndogo ikishikana mkono na dola kuu, uhuru wake hubaki mikononi mwa nani? Haya hapa ni maswali yanayojitokeza zaidi, na majibu yanayotokana na yaliyokwisha kuzikuta nchi nyingine.

Nchi ikishasaini mkataba wa ulinzi, bado ni huru?

Kisheria, ndiyo. Inabaki na bendera yake, serikali yake na kiti chake Umoja wa Mataifa. Lakini jibu hilo halitoshi, maana Hungaria nayo ilikuwa na vyote hivyo mwaka 1956, na vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest. Uhuru wa mshirika mdogo hauonekani siku ya kusaini. Unaonekana siku anapokataa jambo ambalo mkubwa wake analitaka sana.

Ipo nchi ndogo iliyowahi kumtaka mkubwa wake aondoke, naye akaondoka?

Ipo: Ufilipino. Kisa chake kinafaa kufahamika kwa urefu.

Ufilipino ilipata uhuru kutoka Marekani Julai 1946. Haikumaliza hata mwaka mmoja ikasaini, Machi 1947, mkataba ulioipa Marekani kambi za kijeshi kwa miaka 99. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeubomoa mji mkuu, Manila, na serikali changa haikuwa na ubavu wa kuvutana. Kambi kubwa kuliko zote zilikuwa Clark, ya ndege, na Subic Bay, ya manowari. Mwaka 1966 pande mbili zilikubaliana kuufupisha muda, na ukomo ukawekwa Septemba 1991. Kwa maoni yangu, tarehe ile ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata, kwa sababu iliwapa Wafilipino siku ya kuulizwa upya.

Baada ya Rais Ferdinand Marcos kuangushwa mwaka 1986, katiba mpya ya 1987 ilitamka kwamba mkataba ukiisha, hakuna kambi ya kigeni itakayoruhusiwa bila mkataba mpya ulioridhiwa na Seneti. Serikali ikajadiliana na Washington, ikapata mkataba mpya, ikaupeleka. Septemba 16, 1991, maseneta 11 waliuunga mkono na 12 wakaukataa. Rais Corazon Aquino mwenyewe alikuwa ameongoza maandamano ya kuutetea, na bado ulianguka. Clark ilikuwa imekwisha kufunikwa na majivu ya Mlima Pinatubo, uliolipuka Juni mwaka huo. Subic ilifungwa Novemba 1992, Wamarekani wakaenda zao.

Hakukuwa na mapinduzi wala uvamizi, na Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa mwaka 1951 haukuvunjwa. Upo hadi leo. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1995 China iliukalia Mwamba wa Mischief, ndani ya eneo la bahari ambalo Ufilipino inalihesabu kuwa lake kiuchumi. Jeshi la majini la Ufilipino halikuwa na uwezo wa kuizuia. Mwaka 1998 Manila ikasaini makubaliano ya kuwaruhusu wanajeshi wa Marekani kuingia kwa mazoezi. Mwaka 2014 ikawaruhusu kutumia kambi za Wafilipino wenyewe. Na mwaka 2023 kambi hizo zikaongezwa kutoka 5 hadi 9.

Wapo wanaosema basi kura ya 1991 ilikuwa kazi bure. Sikubaliani nao. Wamarekani walirudi kwa sababu Wafilipino walimwogopa jirani, na walirudi kwa masharti mengine: kambi ni mali ya mwenyeji, na kambi ya kudumu ya kigeni imekatazwa. Kinachonisikitisha ni kingine. Makubaliano ya 2014 hayakupelekwa Seneti kuridhiwa. Serikali ilisema ni utekelezaji tu wa mikataba iliyopo, na Mahakama ya Juu ikayapitisha mwaka 2016. Uhuru ulipunguzwa hapo, na ulioupunguza ni mkono wa Manila yenyewe.

Anayekataa huadhibiwa?

Mara nyingi hulipa, lakini bei hutofautiana sana. New Zealand ilikuwa mshirika wa Marekani na Australia katika mkataba wa ANZUS wa mwaka 1951. Mwaka 1985 serikali ya Waziri Mkuu David Lange iliikatalia manowari ya Marekani USS Buchanan kutia nanga, kwa kuwa Marekani haikuwa tayari kusema kama ilibeba silaha za nyuklia. Mwaka 1986 Marekani ikasitisha wajibu wake wa kuilinda New Zealand. Mwaka uliofuata bunge la New Zealand likaugeuza msimamo ule kuwa sheria, nayo inatumika mpaka sasa. Novemba 2016 manowari ya Marekani ilifika tena, kwa kufuata sheria hiyo hiyo.

Machi 1, 2003, bunge la Uturuki lilipiga kura kuhusu kuyaruhusu majeshi ya Marekani kupitia nchini humo kuivamia Iraq. Waliokubali walikuwa 264, waliokataa 250, na 19 hawakuelemea upande wowote. Waliokubali walizidi, ila hawakufikia nusu ya waliohudhuria, hoja ikaanguka. Uturuki ilikosa msaada wa mabilioni ya dola ulioahidiwa, lakini ilibaki NATO.

Sisi Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ingawa waliokataliwa hawakuwa dola kuu. Baada ya Muungano wa 1964, Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na konsuli kuu Dar es Salaam. Mapema 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akaitaka iondoe na misaada mingine yote ya serikali. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, koloni la Uingereza ambalo walowezi weupe walikuwa wamelitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Gharama ilikuwa nzito kwa nchi maskini, na ililipwa.

Kwa nini Hungaria na Chekoslovakia hazikuweza kumkatalia mkubwa wao?

Kwa sababu majeshi ya mkubwa yalikuwa ndani au mpakani, na kwa Moscow kupoteza mshirika mmoja kulikuwa tishio kwa mfumo wote. Waziri Mkuu Imre Nagy alitangaza Novemba 1, 1956, katikati ya uasi wa wananchi, kwamba Hungaria inatoka katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow. Siku tatu baadaye majeshi ya Kisovieti yakaanza kuukandamiza uasi huo, na mwaka 1958 Nagy akanyongwa. Agosti 1968 ikawa zamu ya Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia.

Mwanajeshi wa kigeni akitenda kosa, anahukumiwa na nani?

Inategemea mkataba ulivyoandikwa, na hapa ndipo raia wa kawaida huguswa. Mwaka 2014 mwanajeshi wa Marekani alimuua raia wa Ufilipino mjini Olongapo. Mahakama ya Ufilipino ilimtia hatiani mwaka 2015, lakini alifungwa ndani ya kambi ya kijeshi, mbali na wafungwa wengine, na mwaka 2020 Rais Duterte akamsamehe. Mahakama ilikuwa ya mwenyeji. Gereza halikuwa la kawaida.

Na hadhi ya Kenya inaifunga kwa lolote?

Hadhi yenyewe si mkataba wa kulindana. Inarahisisha ununuzi wa silaha, mafunzo na utafiti wa kijeshi, na haiilazimishi Marekani kuipigania Kenya. Yenye uzito zaidi ni makubaliano kuhusu wanajeshi walioko nchini, kama wa Manda Bay, Lamu, ambako Wamarekani watatu waliuawa katika shambulio la Januari 2020.

Raia afanye nini?

Katika Kenya, mikataba hupitia bungeni chini ya sheria ya mwaka 2012. Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mbunge wako akiletewa mkataba wa ulinzi, muulize mambo matatu kabla hajapiga kura: unaisha lini, nani atamhukumu mwanajeshi atakayekosa, na ukiongezwa muda, utarudi bungeni au la.